Taarifa ya Ng'ombe wa Mepukori

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Mke wangu Hajira husema nikikaa foleni dakika kumi tu, naanza kugombana na ukuta. Sasa mtu kama mimi ndiye aliyepangiwa kwenda polisi kutafuta karatasi, tena karatasi ya mtu mwingine!

Mwenyewe ni Mepukori, jirani yangu hapa Handeni. Mimi nalima mahindi, yeye Mmaasai, anafuga. Ng'ombe wake wamekula mahindi yangu na mimi nimemtukana mpaka basi, lakini akiumwa ni mimi ninayempelekea uji. Mwezi wa tatu, familia yake nzima ikiwa kanisani kumbatiza mjukuu, wezi wakafungua zizi, wakaswaga ng'ombe wote. Akaripoti polisi siku ileile. Baada ya hapo alikonda mpaka shuka likawa linamvaa yeye. Hana shamba, hana duka. Ng'ombe wale ndio maisha yake yote.

Wiki ya tano, Jumatano asubuhi, Mepukori akapigiwa simu na polisi wa Korogwe. Kuna ng'ombe wameokotwa kwenye mashamba ya mkonge kule Mazinde, wameletwa zizi la mjini. Aje na nakala ya taarifa aliyotoa polisi, yenye muhuri, na asipitishe kesho, maana tangu Jumatatu kuna mtu anadai ni wake. Mepukori akaja kwangu mbio. Kusoma hajui, na mimi kukataa nilishindwa.

Kituoni kwetu tulimkuta Koplo Abraham kaunta.

"Namba ya RB?" akauliza.

Mepukori akaniangalia. Nikamwangalia. Ile karatasi yenye namba ya taarifa, waliyompa siku ya kuripoti, aliifunga kwenye pindo la shuka, na mkewe Naitoi akalifua shuka.

"Shuka lilitakata sana," Mepukori akasema.

Lo! Nilitaka kumzaba kofi. Koplo akacheka mpaka akavua kofia. "Wazee wangu, zamani kitabu kimoja hapa kilimaliza mwaka. Siku hizi mji umekua, kitabu hakifiki mwezi. Bila namba nitapekua vingapi?" Lakini alikuwa mtu mwema, akatuelekeza vizuri. Andikeni barua kwa mkuu wa kituo, mseme nani aliripoti, aliripoti nini, tarehe gani, na nakala mnaitakia nini. Ambatanisheni barua ya mtendaji wa kijiji na kivuli cha kitambulisho. "Na tarehe msikosee," akasema, "ndiyo itakayonifikisha kwenye ukurasa."

Tarehe tuliipata kwenye cheti cha ubatizo cha mjukuu, nikamshukuru mchungaji ingawa mimi ni Mwislamu. Mtendaji tulimkuta msibani. Muhuri alikuwa nao mfukoni, bahati ilioje, akaandikia barua kwenye meza ya sufuria za pilau. Mimi nikaandika yetu kwa mwandiko wangu wa darasa la saba. Saa tisa tulikuwa tumerudi kaunta, mkuu wa kituo akaweka sahihi, Koplo akaingia ndani, akatoka na kitabu kizito. "Huyu hapa!"

Nikasoma kabla hajatoa nakala. Jina, sawa. Kijiji, sawa. Idadi ya ng'ombe: hakutaja.

"Mepukori!" Nilipiga kelele mpaka mahabusu wakachungulia. "Polisi wanakuuliza ng'ombe wangapi wameibwa, hutaki kusema?"

"Ng'ombe hawahesabiwi, Ukasha. Ukiwahesabu wanapungua."

"Si wameshapungua wote, bwana we!"

Koplo akaingilia kati. "Nilimbembeleza nusu saa. Mwisho akanieleza mmoja mmoja, rangi na pembe, nikaandika mpaka mkono ukauma. Ona, kurasa mbili na nusu." Akagonga muhuri kila ukurasa. Mimi nilirudi nyumbani nimekata tamaa. Nani atampa mtu ng'ombe wakati mwenyewe hasemi ni wangapi? Usiku Hajira akaniambia nipunguze kufoka, mtu wa watu ana majonzi. Kweli, niliona aibu.

Alhamisi tulifika Korogwe mapema. Aliyekuwa na shauri letu alikuwa askari mwanamke, Afande Yusra, mpole wa sauti lakini macho yake hayachezi. Na yule mdai mwingine alikuwepo, amevaa kofia ya pama, amekaa kama amealikwa chai.

"Ng'ombe wako ni wangapi?" Afande akamuuliza.

"Kumi na wanne, afande," akajibu papo hapo.

"Na wewe, mzee?"

Mepukori akainamia fimbo yake. Nikaanza kumtetea, "Afande, kwa mila zao..." Afande akaninyamazisha kwa kidole, akachukua zile kurasa, akazisoma zote taratibu. Kisha akasema twende zizini.

Zizi lilikuwa la miti, upande mmoja uko wazi kwa barabara. Mtoto wa chekechea angeweza kusimama pale na kuhesabu. Ndipo nilipojua kumi na wanne ya yule bwana imetoka wapi.

"Angalieni vizuri," Afande akasema. "Ni wenyewe? Wote wamo?"

"Wote, afande," akasema mwenye pama. "Kumi na wanne, hakuna pungufu."

Mepukori akatupa jicho mara moja tu. Hakunyoosha kidole, wala midomo haikuchezacheza. "Hawa ni wangu," akasema. "Lakini hawajatimia. Nanyokie hayumo."

Mama yangu! Nikamvuta shuka. "Kubali hao waliopo, mgosi! Utakosa wote!"

"Nitasemaje wote wamo na Nanyokie hayumo?"

"Nanyokie ndiye nani?" Afande akauliza.

"Mwekundu. Tumbo jeupe. Ana mimba."

Afande akafungua ukurasa wa pili, akapitisha kidole, akasoma kwa sauti: "Mwekundu, tumbo jeupe, pembe fupi, mimba kubwa." Akatazama muhuri wa Handeni na tarehe ya wiki tano nyuma. Halafu akamgeukia mwenye pama. "Wewe mwenzetu, huna ng'ombe unayemkosa?"

"Hapana, afande. Nimeshasema wamo wote."

"Basi subiri. Huyo mwekundu alizaa Jumapili. Bwana mifugo alimtenga, yuko nyuma ya ofisi. Barabarani haonekani."

Mwenye pama akaanza kusema kumbe alisahau, unajua afande, ng'ombe wengi. Askari wawili wakamwomba aingie ndani akasahaulie huko kwa maandishi. Nilicheka, wallahi, nikacheka mpaka nikashika mti wa zizi. Yaani ubishi ule ulionipandisha presha siku mbili ndio uliowaokoa ng'ombe!

Bwana mifugo akamleta Nanyokie, ndama yuko pembeni yake, miguu bado inayumba. Mepukori akaingia zizini. Akaanza kusema Kimaasai polepole, anamshika huyu shingo, yule mgongo, kila mmoja na maneno yake, na machozi yanamshuka wala hayafuti. Ujirani wetu ni wa miaka ishirini na mbili, na sikuwahi kuyaona machozi yake. Yangu nayo yakanitoka, na sikujali nani ananiona.

Afande Yusra alikuwa ameshika kitabu cha makabidhiano na kalamu. Nikamwita Mepukori aje aweke dole gumba, afande ana kazi nyingine. Hakunisikia. Nikavuta pumzi nimwite kwa nguvu.

"Mwache, mzee," Afande akasema, akafunga kitabu. "Hajamaliza kuwasalimia."