Hukumu ya Sultani Hamdani

Kabla bomba la maji halijafika Newala, mwalimu Edmund wa Mnyambe alitunga mchezo juu ya maisha ya Sultani Hamdani, Mwarabu ambaye hakuwahi kuishi popote ila kichwani mwa mwalimu. Sultani huyo alirithi kiti cha baba yake akiwa kijana, akatawala kwa haki, mwishowe akapinduliwa na nduguye. Filemoni, mwashi wa misheni, alipewa nafasi ya huyo ndugu. Usultani akapewa Nurdini, muuza nguo, kwa sababu moja tu: alikuwa na joho.

Nurdini alikuwa mpole kupita kiasi. Dukani wateja ndio waliopanga bei, na nyumbani mkewe Sikuzani ndiye aliyeamua avae kanzu gani. Lakini alipokalia kile kiti kilichofunikwa kanga nyekundu, mgongo ulinyooka na sauti ikamtoka kifuani. Sikuzani alipokwenda kutazama mazoezi, aliuliza yule ni nani.

Siku ya mchezo watu walijaa uwanja wa shule, wengine wametoka Masasi. Ikafika sehemu ya raia kuleta mashtaka. Wachezaji hawajasimama bado, akainuka Bi Kibibi, mkongwe wa palepale Mnyambe, akaenda mbele ya kiti. Nurdini akajisahau, akamwamkia shikamoo. Watu wakacheka. Bi Kibibi akaitikia, kisha akasema, "Bwana Sultani, sisi wanawake kila alfajiri tunashuka genge kufuata maji bondeni, tunapanda na madebe kichwani. Wanaume kazi yao kuyaoga. Nimekuja kushtaki."

Nyuma ya pazia mwalimu Edmund alimnong'oneza Nurdini ashike maneno ya mchezo. Nurdini alifikiri kidogo, kisha akahukumu.

"Kuanzia kesho, kila mwanamume wa nchi yangu atashuka bondeni na mzega wake wa madebe begani. Sultani atatangulia."

Vigelegele vikapanda hata Filemoni, aliyeingia na upanga wa mbao kuja kupindua, hakusikika. Wanawake wa mbele wakamzuia, wakisema Sultani huyu haondoki. Filemoni akabaki ameduwaa. Nurdini akamhurumia, akavua joho, akamvika mwenyewe, akamwambia, "Ukichukua kiti, chukua na mzega." Filemoni akaapa mbele ya wote.

Asubuhi Nurdini alijitwika mti wa mzega begani, madebe yakining'inia huku na huku, akaenda akihofia kuchekwa peke yake. Ukingoni mwa genge akawakuta Filemoni, mwalimu Edmund na wanaume wengine, wanaona haya kutazamana. Wakashuka wakitaniana. Kupanda, hakuna aliyekuwa na pumzi ya utani, na maji mengi yalimwagikia njiani.

Basi kwenye baraza wanaume hawakuwa na neno jingine ila maji. Kabla ya mvua walichimba tangi kubwa la kukingia maji ya mvua karibu na shule, Filemoni akalijenga kwa mawe na saruji. Mvua za kwanza zilipolijaza, wao ndio waliotangulia kwenda kulichungulia, wakisukumana kwa furaha.