Karanga za Bonge

Mama mkwe wa Mama Bonge alikuwa mchambuzi wa karanga, na kwa kazi hiyo hakuwa na mpinzani. Zilizonona ziliingia gunia la tajiri. Zilizosinyaa na kuota ukungu wa kijani zilibaki nyumbani: alizikaanga mpaka harufu ipotee, akazitwanga, akamkorogea mjukuu wake kwenye uji.

Mjukuu walimwita Bonge, maana alizaliwa na mashavu. Sasa alikuwa na miaka miwili na lililonenepa ni jina tu: mbavu nje, tumbo mbele, kusimama kwenyewe kazi. Majirani walicheka waziwazi, "Bonge la nani hilo?" Mama yake alicheka nao, kisha akaenda kulia chooni.

Kliniki, muuguzi hakumung'unya maneno. Ukungu ule una sumu isiyokwisha kwa kukaangwa, inamharibu mtoto ini na kumdumaza. Mama Bonge alirudi nyumbani mbiombio.

"Mama, karanga hizi tuzitupe. Zinamuua mtoto."

"Zimuue kwa nini? Mumeo nimemlea kwa hizihizi. Labda maziwa yako ndiyo yalikuwa maji."

Mume alikuwepo. Alikuwa anakula, akaendelea kula, mwanamume mzima!

Basi mama mkwe alipotoka kupeleka gunia, Mama Bonge akabeba sufuria ya karanga mbichi, akaimwaga nyuma ya nyumba. Hakuwakumbuka vifaranga wa bata wa mama mkwe. Walizila kwa fujo, na baada ya siku chache wakaanza kupepesuka, shingo zimepinda nyuma, wakafa mmoja baada ya mwingine.

Mama mkwe aliangua kilio cha msibani. "Wanangu! Wamekula nini?"

"Karanga zako, mama."

Mama Bonge aliona aibu kwa furaha aliyoisikia moyoni, lakini aliisikia: sasa hata kipofu ameona.

Mama mkwe alipiga magoti, akaokota karanga zilizosalia, punje kwa punje, akazipuliza vumbi na kuzirudisha kwenye sufuria.

"Bata hana tumbo la binadamu," alisema. "Chakula cha mtoto unawamwagia ndege! Kuanzia leo uji wa mjukuu wangu napika mimi, na namlisha mimi. Wewe huaminiki."

Mume akaitikia, "Mama kasema kweli."

Jioni bibi alimpakata Bonge, akapuliza kijiko. Mtoto alimpenda mno bibi yake. Akacheka, akapanua mdomo.