Chenga za Bi Zuleide

Bi Zuleide alijifunga kwa mdomo wake mwenyewe, mezani, huku akimega mkate wa jibini. Bintiye Marlúcia alimuuliza anakosa nini pale mjini, naye akajibu kuwa anakosa misa ya alfajiri na tamthilia ya jioni. Antena ikishika, je, atabaki? Akasema ikishika atabaki. Alisema kwa raha zake, maana mtaa mzima ulijua kilima cha upande wa kanisani kinaziba mawimbi yote.

Aliletwa kutibiwa mtoto wa jicho. Jicho likapona, lakini safari ya kurudi kijijini kwake Córrego Fundo ikawa inasogezwa tu: mara mvua, mara barabara mbovu, mara Krismasi. Asubuhi Marlúcia akienda kazini hufunga geti na kuondoka na ufunguo, kwa usalama wa mama, ndivyo alivyosema. Bi Zuleide hubaki kibarazani ghorofani, ameshika nondo za ukingo, akiwaza kahawa yake inayoiva bila mchumaji.

Valdeci, mume wa Marlúcia, alimpeleka dukani achague mwenyewe. Bi Zuleide akaonyesha kijiantena bapa cha kubandika dirishani, kitu cha kubanduliwa wakati wowote. Muuzaji akacheka, akasema kwa mtaa ule hicho kitanasa vumbi tu. Valdeci akachukua ile ndefu yenye vijiti pembeni, wenyewe huiita mgongo wa samaki, na mlingoti wa chuma, na mfuko wa saruji. Saruji ndiyo iliyomkata maini Bi Zuleide.

Jumamosi Valdeci akapanda paani, akausimika mlingoti. Bi Zuleide akawekwa mbele ya runinga, kama ilivyo desturi: mmoja juu anazungusha, mmoja chini anapaza sauti kusema picha ikoje.

"Vipi, mama?"

"Bado."

Antena ikageuzwa kidogo. Mara akatokea mpishi anakaanga samaki, safi kabisa, hata matone ya mafuta yanaonekana. Bi Zuleide akamtazama kama mtu anayemtazama askari aliyemfuata hadi nyumbani.

"Na sasa?"

"Bado. Ina chenga."

Kule juu antena ikaacha kuzungushwa.

"Chenga nyingi?"

"Nyingi, mwanangu. Kama mvua ya mawe. Hata sura ya mtu haionekani."

Kwake runinga ilikuwa ya zamani, yenye kisogo, na ncha za antena alizivika nyuzi za chuma za kusugulia sufuria. Chenga ndizo alizozijua.

Valdeci akashuka, mikono imejaa saruji. Akamtazama mpishi, akamtazama mama mkwe.

"Runinga hizi mpya hazina chenga, mama," akasema taratibu. "Picha ipo au haipo. Siku nyingine sema haipo."

Bi Zuleide akainamisha uso. Valdeci akamuuliza kama kweli anataka kuondoka kiasi hicho. Akajibu anataka kufungua mlango wake bila kumwomba mtu.

Geti likalia. Marlúcia akapanda ngazi akiuliza kama imeshika. Valdeci akasogea mbele ya runinga, akaiziba kwa mgongo wake, akabonyeza kuondoa sauti. Bi Zuleide akaelewa ameachiwa nafasi ya kudanganya. Lakini leo akisema bado, kesho utaletwa mlingoti mrefu zaidi.

"Imeshika," akasema. "Imeshika vizuri, na mimi nataka kwenda kwangu."

"Si uliahidi, mama?"

"Niliahidi nikijua haitashika. Nilikuhadaa. Na wewe unanifungia geti unasema ni usalama. Tumehadaana vya kutosha."

Marlúcia akatua mkoba. Alipofungua mdomo, sauti ilikuwa ya mtoto.

"Ukianguka kule peke yako, nani atanipigia simu?"

"Mimi mwenyewe."

"Simu kule haishiki."

"Haishiki chini," akadakia Valdeci. "Ipo antena ya simu ya kufunga juu. Inataka mlingoti tu."

"Mlingoti si huo umeusimika?" akauliza Bi Zuleide.

"Nimeusimika, ndiyo. Saruji bado mbichi."

Wote wawili wakamtazama Marlúcia. Yeye akamtazama mpishi asiye na sauti, anageuza samaki wake. Nje jua lilikuwa kali, la kukausha chochote.

"Nenda kaung'oe," akasema mwishowe, bila kugeuka. "Kabla saruji haijashika."