Akida Anampikia Mzazi

Akida alikuwa mfanyabiashara wa mchele pale Kahama, na kwa mchele, jamani, hakuwa na mpinzani. Alikuwa anang'ata punje moja tu, anatafuna kidogo, kisha anakwambia mpunga wake umetoka majaruba gani na umevunwa lini. Lakini kuupika? Tangu azaliwe hajawahi kuinjika sufuria. Alipikiwa na mama yake, mama alipofariki akapikiwa na wenye hoteli, na alipochoka na hoteli akaoa.

Sasa Mwahija, mkewe, kajifungua mtoto wa kike, wa kwanza, Jumanne moja ya mwaka sabini na moja. Kesho yake ukaja ujumbe wa mama mkwe kutoka Samuye: Ijumaa anakuja kumchukua mzazi na kichanga chake wakamalize arobaini kwake, maana nyumba ya Akida haina mwanamke wa kupika. Akida akaanza kuhesabu. Siku arobaini! Na huko Samuye asingeweza kwenda kujikalisha. Yeye na mama mkwe, kwa heshima ya ukwe, hawatazamani, hawakai chumba kimoja, hawatajani hata majina. Mtoto angerudi kanenepa na hamjui baba yake.

"Nitapika mimi," akasema.

Mwahija alicheka mpaka akashika tumbo. "Wewe? Jiko lenyewe unajua linawashwaje?"

"Nitajua. Huendi popote."

Jumatano akapika wali, ukawa uji. Alhamisi akapika tena, ukawa uji vilevile, safari hii umeungua chini. Jirani yao Euphrasia, aliyekuja kumkanda mzazi kwa maji ya moto, alichungulia sufuria akauliza kama hicho ni chakula cha mama au cha mtoto. Kisha akaenda kwake kuleta cha kula. Akida hakulala vizuri siku hiyo.

Ijumaa mchana mama mkwe akashuka kwenye basi. Akida alikuwa jikoni, kibanda cha matete uani, msuli kiunoni, macho mekundu kwa moshi. Aliposikia sauti yake akachuchumaa akainamisha uso.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama akajibu kutoka upande wa pili wa matete, kageukia ukutani. Akaingia ndani, akamtoa mjukuu, akaja kukaa naye kivulini hapohapo nje ya jiko. Kuingia asingeweza. Lakini masikio na pua nani angemfunga?

Akida akachota maji, akaanza kumimina sufuriani. Nje kukasikika kikohozi.

"Mke mwenzangu," bibi akamwambia yule mtoto wa siku tatu, "hebu muulize baba yako, mchele huo mpya au wa mwaka jana?"

Akida akaduwaa. Kisha akaelewa. "Mwanangu, mwambie bibi yako ni mpya kabisa. Umekobolewa juzi. Mke wangu simpi mchele wa zamani!"

"Mke mwenzangu, mwambie mchele mpya haunywi maji mengi. Apunguze nusu. Kha! Mtu anauza mchele miaka kumi hajui hilo?"

Kumbe ndiyo yalikuwa maradhi yenyewe. Kwa mapenzi yake alichagua mchele bora dukani, kisha akauzamisha. Akida akapunguza maji huku anajicheka.

"Mke mwenzangu, akigeuza asikoroge, huo si udongo wa kuchapia nyumba. Maji yakikauka afunike, apalie makaa juu ya mfuniko."

"Mwambie bibi nimesikia."

Mwahija ndani alikuwa anauma khanga asicheke kwa sauti. Mtoto mwenyewe alikuwa amelala fofofo, kazi yote hiyo ya utarishi hana habari nayo.

Akida akaanza kupalia makaa. Kaa moja likadondoka, naye anashughulika na mfuniko, haoni. Pindo la msuli likaanza kufuka moshi, na harufu ya nguo ikamfikia mama mkwe nje ya matete.

"Mayu we! Akida! Unaungua!"

Alijirusha, akakaa kwenye beseni la maji ya vyombo, chubwi! Mkwe kamtaja mkwe jina, tena kwa mayowe. Akida, amelowa, hakuthubutu hata kupumua. Kisha akasikia kicheko chembamba nje ya matete, kikakua, Mwahija naye akaachia chake, na Akida akacheka humohumo beseni mpaka machozi.

Wali ulitoka punje moja moja, unanukia mtaa mzima. Mwahija alikula sahani nzima, akaomba na ukoko. Mama mkwe alisimama mlangoni akamtazama mwanawe anavyotafuna. Aliitazama sana sufuria tupu.

Saa kumi alirudi stendi, Akida nyuma yake hatua ishirini, kambebea kikapu, hajui bado ameamuliwa nini. Alichojua ni kwamba mkewe na mtoto walibaki nyumbani, na hakuna aliyewaambia wajiandae. Alithubutu kufurahi kidogo tu.

Mama alipopanda, abiria mwenzake wa Samuye akashangaa. "Unarudi peke yako? Mzazi umemwachia nani?"

"Mumewe."

"Mwanaume? Anajua kupika?"

"Hajui," mama mkwe akasema, kwa sauti ya kumfikia mtu aliyesimama chini ya dirisha. "Ila anaambilika."