Mtahiniwa Pekee wa Kilatini

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Pale hotelini, katika chumba cha dobi kilichokuwa chini kabisa ya jengo, kila mtu alimwita Mvuke. Ukitaka kumpata ilikubidi uingie kwenye wingu la pasi zake, upapase, uite, halafu ndipo uone mkono ukichomoza na shati lililonyooka kama ubao. Mumewe alikuwa dereva wa lori, mtu wa barabarani siku nyingi kuliko za nyumbani, kwa hiyo Mvuke aliishi na mama mkwe wake, mwanamke aliyeweza kumwita mtu wa mtaa wa pili bila kuinuka kitini.

Msimamizi wa dobi alipostaafu, meneja alimwita Mvuke ofisini.

"Nafasi ni yako," alisema. "Ila makao makuu wanataka cheti cha sekondari. Hata mimi sijui cheti na mashuka vinahusiana nini, lakini ndiyo hivyo."

Mvuke alikuwa ameacha shule mwaka wa mwisho kabisa, baba yake alipougua. Basi akajiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea, na katika masomo aliyochagua, alilolipenda hasa lilikuwa Kilimo. Mwaka mzima alikisoma Kilimo kama mtu aliyerogwa. Asubuhi akinywa chai alimkariria mama mkwe magonjwa ya kuku, moja baada ya jingine, dalili zake na jinsi kinyesi kinavyobadilika rangi, mpaka bibi wa watu akaacha kula mayai.

"Mwanangu," mama mkwe alimsihi, "hivi huwezi kusoma kuhusu maua?"

Tatizo lilianzia steshenari, siku ya kujiandikisha. Kwenye kompyuta masomo yalipangwa kwa alfabeti, na juu ya Kilimo, yakiwa yamebanana kama ndugu kitanda kimoja, palikuwa na Kilatini. Mwenye steshenari alikuwa anakula karanga huku anabonyeza. Karatasi ya ratiba ilipotoka, imeandikwa kwa kifupi "KIL.", na Mvuke akaikunja vizuri akaitia pochini, moyo wake mweupe.

Siku ya mtihani wa Kilimo alifika mapema, amevaa gauni alilolipiga pasi mwenyewe. Ukumbi ulijaa watahiniwa. Jina lake halikuwemo. Mwalimu wa mlangoni alichungulia ile ratiba, akachungulia karatasi zake, kisha uso wake ukabadilika, akamtazama Mvuke kama mtu anayetazama mgeni wa heshima aliyepotea njia.

"Kumbe ni wewe!" alisema. "Wanakusubiri juu."

Alipandishwa ghorofani mpaka kwenye darasa kubwa lenye meza tele na kiti kimoja tu. Mlangoni alisimama askari mwenye bunduki. Ndani alikuwepo mwanamke mrefu mwenye miwani iliyofungwa kamba, msimamizi wa mtihani, amesimama wima kama anasubiri gwaride.

"Karibu, mtahiniwa wa Kilatini," alisema.

"Wa nini?"

"Kilatini."

"Samahani, mwalimu, mimi ni wa Kilimo. Mbolea. Kuku."

Msimamizi alifungua daftari lake, akalitazama, akalifunga. "Umesajiliwa Kilatini. Bahasha imeletwa na gari lenye king'ora. Askari ametolewa kituoni. Mtahini wa sehemu ya kusoma kwa sauti yuko njiani. Wewe ndiye mtahiniwa pekee wa somo hili nchi nzima."

"Basi naomba niondoke, nikae mwakani."

"Unaweza kuondoka," msimamizi alisema kwa upole. "Kwa mujibu wa kanuni, anayesusia somo moja anafutiwa yote."

Mvuke alikumbuka Hesabu, aliyoifanya juzi kwa jasho na machozi. Akavuta kiti akaketi.

"Sio hapo," msimamizi alisema. "Sogea kule pembeni. Lazima kuwe na nafasi kati ya mtahiniwa na mtahiniwa."

Mvuke alisogea pembeni, akaacha nafasi kati yake na hakuna mtu. Msimamizi akajiweka sawa mbele ya ubao, akasoma masharti kwa sauti ya kufika meza za nyuma. Watahiniwa wote wanyamaze. Ni marufuku watahiniwa kuazimana rula. Mtahiniwa yeyote atakayeonekana akichungulia karatasi ya mwenzake atatolewa nje. Hapo akanyamaza, akamtazama Mvuke kwa ukali, na Mvuke, bila kujua kwa nini, akajikuta ameitika kwamba hatachungulia. Askari alibadilisha bunduki bega.

Karatasi ilikuwa na habari ndefu kwa Kilatini, na chini yake: fasiri habari hii kwa lugha yako. Mvuke aliipitia toka juu mpaka chini kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mchanga. Hakuna kitu. Akarudia. Mara moyo ukamruka. Katikati ya ule msitu, peupe kabisa, palikuwa na neno *familia*.

"Hili si letu hili?" alinong'ona.

"Kimya, watahiniwa," alisema msimamizi.

Akatafuta zaidi, sasa macho yamechangamka. Mstari wa pili akaona *vita*. Akaliona tena mstari wa nne, na tena mwishoni. Karibu na mwisho akaona *mali*. Mvuke akaweka kalamu chini. Familia, vita, mali. Lo! Kumbe Kilatini chenyewe ndicho hiki? Habari hii aliijua. Aliijua kwa upande wa baba yake, akaijua kwa upande wa mama yake, na kwa upande wa mumewe ndiyo usiseme.

Akashika kalamu, akaandika kama maji yaliyofunguliwa. Palikuwa na familia moja iliyoishi vizuri, mzee akafariki bila kuacha wosia. Vita ikaanza. Mtoto mkubwa alidai nyumba, mdogo akadai kiwanja, shangazi akaja na mabegi akasema haondoki. Kwa kuwa habari ilikuwa ndefu na maneno aliyoyajua matatu tu, ilibidi aongeze wake wawili, hati bandia na mwanasheria aliyekula pande zote. Alipomaliza, mwanasheria alikuwa amepata kiwanja, na Mvuke alikuwa amekasirika kweli kweli.

Baada ya mapumziko akaletwa mtahini. Alikuwa mzee mwembamba, mwenye suti ya zamani yenye mikunjo ambayo Mvuke aliitazama kwa uchungu wa kikazi. Ofisi ya Mitihani ilimweka kama mtahini wa Kilatini tangu ujana wake. Kila mwaka alitunga mtihani, ukachapwa, ukafungiwa, na kila mwaka hapakutokea mtu wa kuufanya. Vijana wa ofisini walikuwa wameshaanza kukigeuza chumba chake stoo ya viti vibovu.

"Mwanangu," alisema, "umetoka wapi?"

"Dobi, mzee wangu. Sikiliza, mimi Kilatini sikijui. Ni yule mtu wa steshenari."

"Kila msomi wa kweli husema hajui," mzee alisema, macho yakimng'aa. Akachukua karatasi ya Mvuke, akaisoma pale pale. Mvuke aliona nyusi zikipanda, zikashuka, zikapanda tena. Ukurasa wa pili mzee alishika meza.

"Huyu shangazi," alisema mwishoni, "umemtoa wapi?"

"Kwetu."

"Mwanangu, *vita* kwa Kilatini maana yake ni maisha."

Mvuke alifikiri kidogo. "Na kwa kweli si yale yale?"

"*Mali* ni ubaya, uovu."

"Hapo mnaona! Hata wao walijua."

Mzee alitoa kitambaa akajifuta paji la uso. "Hii ni habari ya mkulima. Maisha ya utulivu, mbali na maovu ya mjini. Anaamka, anawalisha ng'ombe, anatandaza samadi shambani, anatazama mawingu."

"Samadi?" Mvuke alisimama. "Mkulima? Mzee, mimi mwaka mzima nimesoma Kilimo! Niulize samadi! Niulize inakaa muda gani kabla ya kutandazwa! Kwa nini hamkuchora hata ng'ombe pembeni nikajua?" Na kwa mara ya kwanza siku ile machozi yakamtoka.

Askari alikohoa, akatazama dari. Msimamizi alisema taratibu kwamba watahiniwa waketi.

"Imebaki sehemu moja," mzee alisema, naye sauti imelegea. "Kusoma kwa sauti. Soma tu, mwanangu. Usijali maana."

Mvuke akapenga, akaichukua karatasi, akasoma. Alisoma kama alivyofundishwa kusoma chochote tangu darasa la kwanza, kila herufi kwa sauti yake, *a* ikiwa *a* na *u* ikiwa *u*, bila kumeza wala kubana pua. Mstari wa kwanza mzee aliinua kichwa. Mstari wa tatu akavua miwani. Maisha yake yote alikuwa amesikia Kilatini kikisomwa na watu wanaong'ata maneno, wanaoyavuta, wanaoyapiga chafya. Hapa palikuwa na mwanamke mwenye macho mekundu, mwenye hasira na ndugu wa kwenye karatasi, na kila neno lilitoka mviringo na safi. Alipomaliza, darasa lilikaa kimya, na safari hii msimamizi hakuhitaji kuagiza.

"Alama zote," mzee alisema. "Sehemu hii, alama zote."

Sehemu hii ilikuwa na alama kumi. Kwenye kufasiri alipata moja, ya *familia*.

Matokeo yalipotoka, Mvuke alikuwa amefaulu kila kitu isipokuwa Kilatini, alikopata kumi na moja kwa mia, na cheti kikakwama hapo. Alirudi nyumbani, akajitupa kwenye kochi. Hajakaa sawa, simu ikaita. Ofisi ya Mitihani. Walimwalika kwenye sherehe ya kuwapongeza watahiniwa bora kitaifa, kila somo na bingwa wake.

"Bingwa wa nini?" aliuliza.

"Kilatini, mama. Umeongoza nchi nzima."

Mvuke hakulala vizuri. Kulipokucha aliomba ruhusa kazini, akaenda mwenyewe ofisini kwao, akamkuta karani mwenye tai nyekundu.

"Kaka yangu, mimi nimefeli," alisema.

Karani alitazama kompyuta. "Ndiyo, umefeli vibaya sana."

"Sasa mnanipaje tuzo?"

"Nani amekushinda?"

"Hakuna."

"Uliiba mtihani?"

"Ningeiba ningepata kumi na moja?"

"Basi wewe ni wa kwanza." Karani akamwinamia, akapunguza sauti. "Ukitaka tuseme ukweli wote, wewe pia ni wa mwisho. Lakini kwa wa mwisho hatuna tuzo."

Mama mkwe aliposikia habari alichukua neno "kitaifa" akaacha mengine yote. Kufikia jioni mtaa mzima ulijua. Meneja wa hoteli naye aliona jina kwenye gazeti, akalibandika ubao wa matangazo, akamwambia Mvuke kwamba nafasi ya usimamizi itamsubiri mpaka afanye Kilimo mwakani. Makao makuu hawawezi kumnyima muda bingwa. Na kule Ofisi ya Mitihani, viti vibovu vilitolewa chumbani kwa mzee, maana somo lenye bingwa haliwezi kufungwa hivi hivi.

Siku ya sherehe ukumbi ulijaa. Mgeni rasmi alikuwa waziri, mtu mnene mwenye mashavu ya huzuni. Bingwa wa Hesabu alipanda, akapigiwa makofi. Bingwa wa Fizikia akapanda. Jina la Mvuke lilipotajwa, mama mkwe alipiga kigelegele kilichofanya spika zilie. Mshereheshaji akamwomba bingwa awaonjeshe watu kidogo lugha hiyo.

Karatasi ya mtihani ilikuwa mikononi mwa mzee, mstari wa mbele. Akainuka akamkabidhi. Mvuke akasoma ile habari yote kwa sauti, na ukumbi ukatulia kama umemwagiwa maji. Makofi yalipokwisha, waziri akavuta kipaza sauti.

"Nzuri sana. Inasema nini?"

Mvuke alimtazama mzee. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika. Kusema kweli Mvuke alishaambiwa maana yenyewe, ng'ombe na mawingu na utulivu. Lakini alisimama mbele ya mamia ya watu waliovaa vizuri, wengine ndugu wamekaa pamoja bila kutazamana, na ulimi ukaenda ulikozoea.

"Inahusu familia moja, mheshimiwa," alisema, "iliyoingia vitani kwa sababu ya mali."

Ukumbi mzima uliguna. Watu wakatikisa vichwa. Mtu mmoja nyuma akasema, "Kumbe hata Walatini!" Mzee alikuwa amefunika uso kwa kitambaa, na waliokuwa karibu naye wakadhani analia kwa uchungu wa habari.

Baadaye, watu walipokuwa wakitoka, waziri aliwaacha walinzi wake akamfuata Mvuke karibu na mlango. Akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Mama," alinong'ona, "ile familia. Mwishowe nani alipata nyumba? Nauliza tu, maana mimi na kaka zangu..."

Mvuke alimhurumia. "Bado wako mahakamani, mheshimiwa."

"Nilijua," waziri alisema, akashusha pumzi, akaenda kupanda gari.