Maharage Manne

Jumanne ya tarehe 14 Machi 1995, saa kumi na mbili asubuhi, sakafu ya choo cha pamoja ilititia, ikaenda na Fidelia, mke wa Lameki. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne bila kupumzika. Wanaume wa ua walimtoa kwa kamba za lori, lakini walichotoa kilikuwa maiti. Wakamzika kwao Mjimwema, Njombe, na Lameki akarudi Makambako na neno moja tu mdomoni: wauaji.

Ua wenyewe ulikuwa nyumba kumi na mbili za kampuni ya mbao ya serikali. Kampuni ilipouzwa na wafanyakazi kupunguzwa, wakubwa waliwaachia nyumba hizo kwa hati moja: geti moja, kisima kimoja, choo kimoja, na kamati ya watu saba ya kuamua kila kitu.

"Nyama wamekula wao, mifupa wametutupia tuigombanie," Lameki alizoea kusema. Yeye darasa la pili hakulimaliza, kwa hiyo kwenye kamati aliingia Fidelia.

Zamani kamati ilipiga kura kwa kunyoosha mikono, hadi familia mbili zikanyimana salamu mwaka mzima. Tangu hapo ni punje. Kila mjumbe anapewa hindi moja na haragwe moja, anaingiza mkono chini ya kanga, anadondosha mojawapo kwenye kopo. Hindi ndiyo, haragwe hapana. Na alichodondosha hamwambii mtu, hata anayelala naye kitanda kimoja.

Jumamosi kabla ya msiba walipigia kura hoja ya choo kipya. Nafasi ilikuwa moja tu, kwenye bustani ya mboga ya Fidelia, hatua chache kutoka kisimani. Hoja ikaanguka. Matangani Lameki alimbana katibu Gideoni mpaka akamsomea daftari: mahindi matatu, maharage manne.

Basi kila alipopita mbele ya wajumbe, salamu yake ikawa hiyo: "Wauaji wanne, mmeamkaje?"

Miezi miwili ikapita. Shimo la zamani likapangiwa mbao juu, watu wakaendelea kulitumia huku wameshika ukuta. Kamati ikakaa, ikakwama, ikakaa tena, ikakwama. Mwishowe mwenyekiti Badru, dereva mstaafu wa malori, akaja mlangoni kwa Lameki pamoja na Salha, fundi cherehani aliyekuwa shoga wa marehemu.

"Kamwene, mzee Lameki," Badru akajikakamua kwa Kibena chake cha kuokoteza.

"Kamwene. Leo mmemfuata nani? Nimebaki peke yangu."

"Tunakuomba ukalie kiti cha marehemu. Tumekwama. Akiongezeka mtu mmoja, mambo yanaamuliwa."

"Mmemuua, sasa mnataka niwapashie kiti chake moto!"

"Baba Flora," Salha akamwambia Lameki, "tusubiri atumbukie mwingine?"

Neno hilo lilimwinua. Akaenda kikaoni, lakini kitini hakukaa. "Pigeni kwanza ninyi sita, mbele yangu. Nataka nione kama wauaji wangu wanne bado wapo."

"Hakuna haja," Salha akadakia. "Wewe dondosha yako, yaishe."

"Unaogopa nini, shemeji? Haragwe moja ni lako?"

Salha akachukua punje zake. Mkono mmoja baada ya mwingine ukaingia chini ya kanga. Gideoni akamwaga kopo mkekani, na Lameki akachutama, akazitenga punje kwa kidole. Akahesabu. Akarudia. Mahindi matatu. Maharage matatu.

Akacheka, mara ya kwanza tangu Machi. "Watatu! Mmoja dhamira imemsuta! Haya, asimame nimpe mkono. Nani amegeuka?"

Hakuna aliyesimama.

"Simgombezi, jamani. Nampa mkono!"

Gideoni akafunga daftari. "Tumepiga mara tano tangu msiba, mzee," akasema taratibu. "Sisi sita wale wale, na mara zote tano zimetoka hivi hivi, tatu kwa tatu."

"Sikuuliza mara ngapi. Nimeuliza nani."

Badru akakodolea macho kofia yake. Salha akajifunika uso kwa kanga. Kicheko kilikuwa bado kimemganda Lameki mdomoni, hana pa kukipeleka. Ikamjia Jumapili ile, siku moja baada ya kikao, Fidelia ameinama bustanini kwenye matope, anapandikiza miche ya chainizi, anaimba. Mstari baada ya mstari, mpaka ukingoni. Alimwuliza, mbona unapanda na choo kinakuja? Naye akamjibu hakiji, akaendelea kuimba.

"Wajumbe," Lameki akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka mpaka ikawa ya kuomba. Akawatazama wote sita, uso kwa uso, akianzia kwa Badru. "Hata mmoja? Hata wa kunidanganya? Nani kati yenu amegeuka?"