Udongo Ulioteremka kwa Valeria

Pale Chiwata kuna shamba la mikorosho ambalo zamani lilikuwa moja, la mama mmoja, na siku hizi ni mawili. Mama yule alipoona nguvu zinamwishia aliwaita binti zake awagawie. Dominika, kwa kuwa ndiye mkubwa, akaambiwa achague kwanza. Akachagua upande wa juu, wenye udongo mwekundu, unaopakana na barabara, ili kila apitaye aione mikorosho yake. Valeria, mdogo mtu, akachukua kilichobaki, yaani huko chini mteremko unakoishia.

Dominika, au Mama Felician kama wengi walivyomwita, alikuwa mtu wa kazi. Hilo hata asiyempenda hawezi kumnyima. Mikorosho ilipoanza kutoa maua, wenzake wakingali wanazungumzia habari za salfa ya kupulizia mikorosho, yeye alishapalilia, akakusanya magugu, akayachoma, kisha akashika ufagio. Huko kila mtu hufagia chini ya mkorosho, kuanzia kwenye shina mpaka matawi yanapoishia, ili korosho ikidondoka ionekane, isipotelee majanini. Lakini Dominika alifagia na katikati ya mikorosho, pasipodondoka korosho hata moja. Shamba lake lilikuwa safi kama ua wa nyumba yenye harusi, ungeweza kutandika mkeka popote ukalala. Kwa usafi huo bwana shamba akalifanya shamba darasa, akasimamisha kibao cha bati barabarani, na wakulima wakawa wanakuja na baiskeli zao hata kutoka Chiungutwa kuangalia. Hata siku asizokuwa na safari, Dominika alikuwa na sababu ya kupita kwenye kibao kile, akakifuta vumbi kwa upindo wa kanga.

Valeria yeye alifagia penye kudondoka korosho tu, basi. Kwingine aliacha majani, akapanda maboga na kunde vikatambaa vinakotaka, na majani makavu ya mikorosho akayaacha yaoze palepale. Dominika akipita alikuwa akiuliza kama humo ndani hajaonekana chui. Valeria alicheka tu, akajibu kwamba chui yupo, ila ameshiba.

Ndipo akaja kijana wa utafiti, jina lake Humphrey, mtu wa mikoa ya mbali aliyepanga chumba Newala na kuja kijijini kwa pikipiki. Aliwakusanya wakulima pale kwenye kibao, akawaamkia wazee mmoja mmoja, kisha akafungua kompyuta yake ndogo ya mkononi. Akawaeleza kwamba huko angani inapita setilaiti, nayo inapima joto la ardhi na ukijani wa majani. Mimea hunywa maji ya udongoni na kuyatoa hewani kwa kupitia majani, na udongo wenyewe hutoa ya kwake. Shamba linalofanya hivyo hubaki na ubaridi, mfano wa mgonjwa wa homa akishatokwa jasho. Lisilo na maji ya kutoa huchemka. Kompyuta inachukua habari hizo, inaongeza mvua na mteremko na aina ya udongo, halafu inakadiria kila shamba linapoteza udongo kiasi gani. Palipo kijani pana ubaridi na udongo umetulia. Palipo pekundu panachemka na udongo unaondoka.

Dominika akasogea mbele, akaomba aonyeshwe shamba lake kwanza, wenzake wajifunze.

Lilikuwa jekundu lote. Na chini yake, kuanzia mpakani kama mtu kakata kwa panga, kulikuwa kijani kibichi. Wala haikuhitaji kuulizwa ni kwa nani.

Mzee Nurdin, jirani wa ng'ambo ya barabara, akakohoa kidogo. "Kumbe darasa liko kule chini," alisema, "na sisi miaka yote tunaishia kwenye kibao."

Wakacheka, na Valeria naye akacheka, na hicho kicheko cha Valeria ndicho Dominika alichoondoka nacho. Jioni sahani ya ugali akaisukuma pembeni. Akakumbuka jinsi Valeria alivyobebwa mgongoni na mama yao mpaka miguu ikawa inaburuza, wakati yeye alishatwikwa ndoo. Akakumbuka matandu ya chungu, ule ukoko mtamu, kila siku ya Valeria. Yeye kazi, mwenzake kupendwa. Mtu hafanyi lolote, anakaa na magugu yake, na sasa hata chombo cha angani kisichomjua kimempenda.

Humphrey alikuwa amesema jambo lingine. Alisema makadirio ni makadirio, lazima yahakikiwe ardhini. Kabla ya mvua akapigilia vigingi vya chuma katika mashamba yote mawili, kila kimoja kina mstari wa rangi nyeupe uliolingana sawasawa na ardhi. Mvua zikiisha, mstari ukionekana unaning'inia juu, udongo umeondoka. Mstari ukifukiwa, udongo umekuja. Vigingi vikikubaliana na picha, kikundi kizima cha wakulima kitakuja kuchimba makinga maji shambani kwa Dominika na kupanda majani ya mabingobingo ya kuzuia udongo, na kibao kitahamia kwenye shamba lililo bora. Dominika hakusikia habari ya makinga maji. Alisikia ya kibao.

Mvua zikaanza. Baada ya ile kubwa ya kwanza alikwenda kuangalia kigingi cha karibu, akakuta mstari mweupe umeshaiacha ardhi, unamtazama. Akarudi nyumbani, akachukua nyundo. Ko, ko, ko, mstari ukarudi mahali pake. Akafanya hivyo kwa vigingi vyote, mchana kweupe, na kila mvua kubwa ilipopita akarudia. Siku moja Valeria alimsikia, akapaza sauti kutoka kwenye maboga yake kuuliza dada anagonga nini. Dominika akajibu kwamba anapigilia vijiti vya kufungia mbuzi. Valeria akasema haya, ingawa mbuzi wa Dominika waliuzwa wote wakati wa Krismasi na hela yake ilishanunua mabati.

Mvua zilipokatika Humphrey akarudi, na wakulima wakamfuata. Wakaanzia juu. Kigingi cha kwanza, mstari sawa na ardhi. Cha pili sawa. Vyote sawa. Kijana akajikuna kichwa, akazunguka mkorosho mmoja ambao mizizi yake ilikuwa nje kama mishipa ya mkono wa mzee, akaangalia tena picha yake. Mwishowe akasema huenda setilaiti inadanganywa na ardhi iliyofagiliwa, na itabidi aandike hivyo. Kibao kingebaki pale pale. Dominika akavuta kanga vizuri mabegani. Tangu siku ile ya kicheko hakuwa amejisikia mwepesi namna hiyo.

Wakateremka kwa Valeria. Huko vigingi havikuonekana kabisa. Valeria akapiga magoti, akasogeza mashina ya maboga, akachimba kwa mkono mpaka kiganja kikazama chote ndipo kichwa cha chuma kikaonekana. Na udongo aliokuwa akiutoa ulikuwa mwekundu. Udongo wa bonde lile ni wa kijivu, kila mtu anajua. Humphrey akauliza mwekundu huu umetoka wapi. Macho yote yalipanda mteremko.

"Ajabu," kijana alisema. "Huku umeingia mwingi, na kule juu vigingi vinasema haujatoka hata kidogo." Akafikiri, kisha akasema kwamba kwa vyovyote, kazi ya makinga maji itapelekwa kijiji kingine kwenye shida, maana shamba la juu halina hasara.

Valeria alikuwa bado anachimba. Akatoa kitu, akakipangusa kwa kidole. Kilikuwa kigae cha mtungi, chenye michoro ya mistari ya kukatana, na yeye na dada yake waliujua mkono uliochora. Nyumba ya mama yao ilikuwa upande wa juu.

"Dada, tazama," alisema kwa upole. "Hata mtungi wa mama umehamia kwangu. Basi usihangaike na makinga maji. Mwakani nitaongeza na mihogo hapa, udongo unatosha."

Dominika alikitazama kigae kile. Kibao kilikuwa chake, kimebaki, hakuna aliyekigusa. Angenyamaza tu, angekwenda nacho mpaka kaburini. Na kila mvua udongo wake ungeondoka, ungeteremka kwa mdogo wake, ungenenepesha maboga ya mdogo wake, na mama naye angeteremka kigae baada ya kigae, amwache tena yeye mkubwa na ndoo yake kichwani. Hilo hakuliweza.

"Kilete hicho, ni changu," alisema. "Na udongo huo ni wangu. Vile vigingi vya juu nilivipigilia mimi kwa nyundo, kila mvua. Kijana, andika kwamba unatoka. Andika unatoka mwingi."

Humphrey akakaa chini juu ya boga bila kutazama. Mvua za mwaka mzima, na hesabu za shamba la juu hazipo. Itabidi asubiri mvua nyingine. Valeria akapangusa udongo mikononi.

"Nilikuwa nasubiri huyo mbuzi azae," alisema. "Kila ukigonga, mimi nilikuwa napata karai la udongo. Ningekukatazaje?"

Akampa dada yake kigae.

Kwa ushahidi wa Dominika mwenyewe makinga maji yalichimbwa, mabingobingo yakapandwa, na kibao kikang'olewa kikapelekwa chini. Msimu wa kufagia ulipofika Dominika alifagia chini ya mikorosho tu. Akifika mwisho wa matawi mikono inamwasha, anasimama na ufagio, anatazama majani makavu yaliyolala, kisha anageuka nyuma. Humphrey alipokuja tena, Dominika aliitikia marahaba huku akinyoosha mkono apewe picha. Shamba lake lilikuwa limeanza kuwa la manjano.

Akauliza na la mwenzake je. Bado kijani, kijana alisema. Akauliza itachukua mvua ngapi wawe sawa. Humphrey akasema hilo hawezi kukadiria.

Jioni ile Dominika aliteremka kwa mdogo wake kuomba mbegu za maboga. Valeria akamletea kopo, akamjazia mikono yote miwili. Dominika akashukuru, akainuka. Kabla ya kuondoka akainama, akachungulia ndani ya kopo, kuona kama zile kubwa hazikubakizwa humo.